Bei ya pamba kwenye simu: namna ya kusoma nguzo na mishumaa ya soko la dunia

Kila msimu wa ununuzi wa pamba unapokaribia, wakulima wa wilaya ya Tanganyika, Mpimbwe na maeneo mengine ya Katavi wanauliza swali moja: bei dira ya mwaka huu itakuwa shilingi ngapi? Tangazo hutolewa na Serikali pamoja na Bodi ya Pamba Tanzania. Lakini sehemu kubwa ya jibu huwa imeshaonekana mapema katika soko la New York, ambako bei ya pamba ya dunia hupangwa kila siku ya kazi.

Leo mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuiangalia bei hiyo bila malipo. Shida ni kwamba haiji kama namba moja. Inakuja kama chati yenye vijiti vingi, vingine vya kijani na vingine vyekundu, vifupi kwa virefu. Asiyevielewa huona rangi tu: kijani furaha, nyekundu huzuni. Kumbe picha ileile ya soko inaweza kuonekana ya kijani kwenye simu ya mtu mmoja na nyekundu kwenye simu ya jirani yake, saa ileile, na wote wawili wasiwe wamedanganywa.

Makala haya yanaeleza vijiti hivyo ni nini, vina aina gani, na ni aina ipi inayomfaa mkulima anayevuna mara moja kwa mwaka.

Kwanza, bei ya baadaye ni nini?

Kiwanda cha nguo kinachohitaji pamba mwezi Desemba hakipendi kusubiri hadi Desemba ndipo kijue bei. Mfanyabiashara mwenye pamba ghalani naye anaogopa bei isije ikaanguka kabla hajauza. Wote wawili huenda kwenye soko la mikataba ya bei ya baadaye, wakakubaliana leo bei ya mzigo wa mwezi fulani ujao.

Kwa pamba, soko kubwa la mikataba hiyo ni ICE la New York. Mkataba mmoja ni paundi 50,000 za pamba nyuzi, yaani karibu tani 22.7. Bei hutajwa kwa senti za Marekani kwa paundi moja, na paundi ni chini kidogo ya nusu kilo. Mikataba hiyo ni ya miezi mitano: Machi, Mei, Julai, Oktoba na Desemba. Wengi wanaonunua na kuuza mikataba hawaipokei kabisa pamba yenyewe. Huuza mkataba wao kwa mwingine kabla mwezi wake haujafika.

Usichanganye jambo hili na kuuza mazao yakiwa bado shambani. Pale mlanguzi mmoja hukaa na mkulima mmoja mwenye shida, na bei hubaki siri yao. Katika soko la mikataba, wanunuzi na wauzaji ni wengi, na kila bei inayokubaliwa hurekodiwa na kuonekana na wote. Rekodi hiyo ndiyo inayochorwa kwenye chati.

Nguzo moja, bei nne

Kijiti kimoja kwenye chati tutakiita nguzo. Kila nguzo inabeba bei nne: bei ya kufungulia, bei ya juu kabisa, bei ya chini kabisa na bei ya kufungia.

Chukua mfano wa wiki moja. Tuseme Jumatatu soko limefunguliwa kwa senti 70. Katikati ya wiki bei ikapanda hadi 73, ikashuka hadi 68, na Ijumaa soko likafungwa kwa senti 69. Nguzo ya wiki hiyo itakuwa mstari wa wima kutoka 68 hadi 73. Upande wa kushoto kutakuwa na mkono mdogo kwenye 70, ndiko soko lilikofunguliwa. Upande wa kulia kutakuwa na mkono mwingine kwenye 69, ndiko lilikofungwa.

Nguzo hiyo inakwambia nini? Walikuwepo walioisukuma bei hadi 73 lakini hawakuweza kuishikilia pale. Walikuwepo pia walioishusha hadi 68, nao wakashindwa kuibakiza huko. Mwisho wa wiki bei ilikuwa chini kidogo ya ilipoanza. Mtu aliyekutumia ujumbe Jumatano kwamba pamba imefika 73 hakusema uongo, ila alikupa robo tu ya habari.

Mshumaa uliotokana na biashara ya mchele

Aina inayoonekana zaidi kwenye simu ni mshumaa. Unabeba bei nne zilezile, ila umechorwa kwa namna nyingine. Kati ya bei ya kufungulia na ya kufungia panachorwa mwili mnene. Mstari mwembamba unaotokeza juu na chini ya mwili ni utambi, nao unaonyesha bei ya juu kabisa na ya chini kabisa. Bei ikifunga juu ya ilipofungulia, mwili huwa wa kijani. Ikifunga chini, huwa mwekundu. Programu nyingine hutumia nyeupe na nyeusi.

Mishumaa hii asili yake ni Japani, na inahusishwa na biashara ya zao ambalo Katavi tunalifahamu vizuri: mchele. Katika mji wa Osaka kulikuwa na soko la Dojima, ambalo utawala wa Japani ulilitambua rasmi mwaka 1730, na humo wafanyabiashara waliuziana mchele ambao bado haujafika. Mfanyabiashara wa mchele wa karne hiyo, Homma Munehisa wa mji wa Sakata, ndiye anayetajwa mara nyingi katika simulizi za chanzo cha uchoraji huu.

Kwa mkulima, mwili na utambi vinasomwa hivi. Mwili mrefu maana yake upande mmoja ulishinda tangu mwanzo hadi mwisho. Mwili mfupi wenye tambi ndefu maana yake kulikuwa na mvutano mkubwa ulioisha bila mshindi. Utambi mrefu wa juu maana yake bei nzuri ilionekana, lakini haikudumu.

Nguzo inakatwa kwa kipimo gani?

Watu wengi hapa ndipo wanapopotea. Nguzo lazima ianze mahali na iishie mahali. Swali la kuuliza kila unapoiona chati ni hili: nguzo hii imekatwa kwa kipimo gani?

Fikiria karani anayeandika bei za mpunga sokoni wakati wa mavuno. Anaweza kufunga hesabu yake kila baada ya saa moja. Anaweza kufunga kila baada ya mauzo 20, yawe makubwa au madogo. Anaweza kufunga kila baada ya magunia 100 kuuzwa. Au anaweza kufunga kila bei inapotembea shilingi 50. Soko ni lilelile, lakini madaftari yatakuwa manne tofauti. Ndivyo ilivyo kwenye chati.

Nguzo ya muda hufungwa kwa saa: dakika moja, dakika tano, siku, wiki au mwezi. Ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo utakayoikuta ukifungua chati kwenye simu. Ubora wake ni urahisi. Udhaifu wake ni kwamba saa ambayo soko limelala na saa ambayo limechemka zinachorwa kwa upana uleule.

Nguzo ya miamala hufungwa baada ya idadi fulani ya mauzo. Soko likichangamka, nguzo zinazaliwa haraka. Likilala, zinachelewa. Kasoro yake ni kwamba mauzo ya mkataba mmoja yanahesabiwa sawa na mauzo ya mikataba 200.

Nguzo ya kiasi inarekebisha kasoro hiyo. Inafungwa baada ya idadi fulani ya mikataba kuuzwa, kama yule karani wa magunia 100. Kila nguzo ina uzito uleule wa mzigo nyuma yake, kwa hiyo bei iliyosukumwa na watu wachache wakati wa sikukuu haiwezi kujifanya kubwa.

Nguzo ya mwendo haijali saa wala mzigo. Inafungwa bei inapotembea umbali uliowekwa, tuseme nusu senti. Siku tulivu inaweza kupita bila nguzo kukamilika, na siku ya habari nzito zikazaliwa kumi.

Aina hizi tatu za mwisho hutengenezwa hasa kwa ajili ya wanaonunua na kuuza mikataba mara nyingi kwa siku moja. Kwao dakika moja ni fedha. Mkulima wa Katavi anafanya maamuzi makubwa mawili tu kwa mwaka: kulima ekari ngapi mvua zinapoanza, mwezi Novemba na Desemba, na kuuza vipi soko linapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei. Kwa maamuzi ya namna hiyo, nguzo inayofaa ni ya muda, tena ya wiki au ya mwezi.

Msimu wa 2019 ulivyoonekana kwenye nguzo

Ili kuona kwa nini jambo hili lina uzito, turudi msimu wa 2019. Bei dira ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo ya pamba mbegu. Mwezi Aprili mwaka huo, bei ya New York ilikuwa juu kidogo ya senti 75 kwa paundi.

Tarehe 5 Mei 2019, Rais wa Marekani wakati huo, Donald Trump, alitangaza kupandisha ushuru wa bidhaa nyingi za China kutoka asilimia 10 hadi 25. China ndiyo yenye viwanda vingi vya kutumia pamba duniani, hivyo bei ikaanza kuporomoka. Tarehe 1 Agosti akatangaza ushuru mwingine. Mwezi huo pamba ikashuka chini ya senti 60.

Sasa piga hesabu pamoja nasi. Kilo moja ni sawa na paundi 2.2. Dola moja mwaka 2019 ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kwa makadirio ya karibu, kilo tatu za pamba mbegu hutoa kilo moja ya pamba nyuzi. Kwa senti 75, kilo ya pamba nyuzi ilikuwa na thamani ya kama shilingi 3,795, kwa hiyo nyuzi zilizomo katika kilo moja ya pamba mbegu zilikuwa na thamani ya kama shilingi 1,265. Kwa senti 60, thamani hiyo inashuka hadi kama shilingi 1,012.

Mnunuzi anapata pia fedha kwa kuuza mbegu za kukamua mafuta. Lakini bado ana gharama ya kuchambua, tozo, riba ya benki na usafiri wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda hadi bandari ya Dar es Salaam. Bei ya chini kisheria ilikuwa 1,200, na soko la dunia lilikuwa chini yake. Matokeo yake wanunuzi wengi walisita, na pamba ikachelewa kununuliwa na kulipwa. Serikali ililazimika kukaa na wanunuzi na mabenki ili ununuzi uendelee.

Hapa ndipo aina ya nguzo inapoleta tofauti. Mshumaa wa mwezi wa Mei 2019 ulikuwa mwekundu na mrefu, na anayetazama nguzo za mwezi angeona wazi kwamba mambo yamegeuka. Lakini ndani ya mwezi huohuo kulikuwa na siku za kijani, na ndani ya kila siku nyekundu kulikuwa na dakika tano nyingi za kijani. Aliyefungua nguzo za dakika tano angeweza kuona bei inapanda wakati soko zima linaanguka.

Mwaka 2022 na mwezi wa mkataba

Mfano wa pili ni wa furaha iliyogeuka. Linganisha bei dira za misimu minne: mwaka 2020 ilikuwa shilingi 810, mwaka 2021 ikawa 1,050, mwaka 2022 ikaruka hadi 1,560, na mwaka 2023 ikarudi 1,060. New York ilitembea njia ileile. Mwanzoni mwa Aprili 2020, hofu ya Uviko-19 iliishusha pamba chini ya senti 50. Mwezi Mei 2022 ilivuka senti 150. Kabla Oktoba mwaka huo haijaisha, ilikuwa chini ya senti 75.

Mkulima aliyeona 1,560 na kuongeza ekari mwezi Novemba 2022 alikuwa anatazama bei ya Mei iliyopita. Nguzo za mwezi zilikuwa tayari zimeonyesha kwamba bei ya dunia imekatika nusu.

Kuna jambo jingine la kuangalia: mwezi wa mkataba. Juu ya chati huwa pameandikwa jina la mkataba, mathalani Julai au Desemba. Mwezi Mei 2022, mkataba wa Julai ndio uliokuwa kwenye senti 150, kwa sababu viwanda vilihitaji pamba haraka. Mkataba wa Desemba ulikuwa chini yake. Kwa pamba ya Katavi, ambayo inanunuliwa katikati ya mwaka na kusafirishwa baadaye, mkataba wa Desemba unaweza kuwa karibu zaidi na ukweli kuliko ule wa Julai. Chati nyingine huunganisha mikataba, ukiisha mmoja unafuata mwingine, na pale kwenye kiungo bei huonekana kuruka ghafla ingawa hakuna kilichotokea sokoni.

Nguzo hazitabiri, zinapima hatari

Hakuna nguzo inayojua kesho. Mwezi Aprili 2019 hakuna chati iliyojua tangazo la tarehe 5 Mei. Faida ya nguzo ni kukuonyesha bei inaweza kuyumba kwa kiasi gani, ili familia ijipange kwa hali mbaya badala ya hali nzuri peke yake.

Kipimo rahisi ni hiki. Kwa kiwango cha dola moja kwa shilingi 2,500, kila senti 10 zinazopungua New York ni sawa na takriban shilingi 180 kwa kilo ya pamba mbegu. Kwa mwenye kilo 1,000, hiyo ni shilingi 180,000. Shilingi ikipanda au kushuka dhidi ya dola, hesabu nayo inabadilika. Angalia nguzo za miezi 12 iliyopita, tafuta utambi wa chini kuliko wote, kisha jiulize: bei ikirudi pale, nitaweza kulipa pembejeo na vibarua? Kama jibu ni hapana, ekari ulizopanga ni nyingi mno.

Na mazao mengine je?

Siyo kila zao lina chati. Tumbaku, ambayo wakulima wengi wa Katavi wanaitegemea, haina soko la mikataba ya bei ya baadaye. Inauzwa kwa madaraja na kwa mikataba kati ya vyama vya ushirika na makampuni.

Mahindi yana soko kubwa Chicago, lakini yale ni mahindi ya njano. Mahindi meupe, jamii ya haya tunayosaga sembe, yana mikataba yake Johannesburg, Afrika Kusini, ambako mkataba mmoja ni tani 100. Hata hivyo, bei ya gunia hapa Mpanda inaamuliwa zaidi na mavuno ya nchini, ununuzi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na wateja wa nchi jirani.

Ufuta na mbaazi navyo havina soko kubwa la bei ya baadaye la kufuatilia. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ambalo huendesha minada ya mazao kwa njia ya kielektroniki, linauza mzigo ambao tayari uko ghalani. Bei ya mnada mmoja ni bei ya siku hiyo. Ukiandika bei za minada yote ya msimu, unaweza kupata nguzo ya msimu mzima.

Tahadhari kwa wanaoshawishiwa kununua na kuuza kwa simu

Kusoma chati ni jambo moja, kucheza fedha kwenye chati ni jambo jingine. Vijana wengi huonyeshwa nguzo za dakika moja na kuambiwa fedha ziko pale. Nguzo za dakika moja hubadilika rangi mara nyingi, na kila badiliko linamshawishi mtu anunue au auze tena, huku anayeendesha programu akikata ada yake kila mara.

Kumbuka ukubwa wa mkataba mmoja wa pamba: paundi 50,000. Bei ikisogea senti moja tu, mwenye mkataba amepata au amepoteza dola 500, zaidi ya shilingi milioni moja. Kabla hujatoa fedha kwa kampuni au mtu yeyote anayedai atakuwekezea kwenye masoko hayo, uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, kama ana leseni.

Anza na daftari lako

Unaweza kujifunza nguzo bila hata intaneti. Chukua daftari. Kwa zao unalouza, mathalani mahindi au mpunga, andika bei ya gunia au kilo kwenye soko lako: ilivyofunguka Jumatatu, ya juu kabisa ya wiki, ya chini kabisa, na ilivyofungwa Jumamosi. Hakikisha kipimo ni kilekile kila wiki, maana gunia la lumbesa na gunia la kilo 100 haviwezi kukaa kwenye nguzo moja. Chora mstari kutoka bei ya chini hadi ya juu, weka mkono wa kushoto na wa kulia.

Baada ya msimu mmoja utakuwa na chati ambayo haipo kwenye simu yoyote: chati ya soko lako mwenyewe. Kwa pamba, wasiliana na viongozi wa AMCOS yako ili bei ya New York ya kila mwisho wa mwezi ibandikwe ukutani karibu na mzani, ikiwa na jina la mwezi wa mkataba na kiwango cha dola cha siku hiyo. Ukutani pakijaa namba 12, mkutano wa wanachama unaofanyika kabla ya kupanda utakuwa na la kujadili zaidi ya uvumi.